Je, Wajua? Jumba Hula Jumba

Je, wajua kwamba mji wa Augusta katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, ulizindua majumba mawili makubwa ya maduka kwa kupishana wiki moja tu? Mwishoni mwa Julai 1978 ilifunguliwa Regency Mall. Watu hawajamaliza kuzunguka korido zake, mwanzoni mwa Agosti ikafunguliwa Augusta Mall, mwendo wa dakika chache kwa gari. Kila moja ilikuwa na paa moja lililofunika kila kitu, viyoyozi, maduka kwa makumi na maegesho ambayo jicho halikufika mwisho wake. Kila moja ilijengwa na kampuni kubwa kutoka nje ya Georgia, na kila kampuni ilipiga hesabu zake kana kwamba mwenzake hayupo.

Hesabu hizo zilikuwa na kasoro: wanunuzi walikuwa walewale. Walioumia kwanza ni wafanyabiashara wa Broad Street, barabara ya katikati ya mji, ambako watu wa Augusta walikuwa wakinunua viatu vya shule na suti za harusi tangu enzi za mababu. Maduka makubwa ya pale yalihamia kwenye majumba mapya, barabara ikabaki na madirisha matupu. Baada ya hapo majumba mawili yakageukiana. Regency ikashindwa, na kufikia 2002 ilikuwa imefungwa kabisa. Augusta Mall ipo hadi leo na ina wateja.

Mwaka huo wa 2002 una maana yake. Siku hizi ukiuliza nani aliua majumba ya maduka ya Marekani utajibiwa upesi: intaneti. Lakini takwimu za serikali ya nchi hiyo zinaonyesha kwamba mwaka 2000 mauzo ya mtandaoni hayakufika hata asilimia 1 ya mauzo yote ya rejareja. Regency iliuawa na jumba lingine, wala si kompyuta. Na hicho ndicho kisa cha miji mingi ya wastani ya Kusini, kuanzia Jackson hadi Macon, Knoxville, Birmingham na Savannah. Mji wenye uwezo wa kulisha jumba moja ulijengewa mawili, wenye uwezo wa mawili ukajengewa matatu, na kila jipya lilimla mkubwa wake. Intaneti ilipofika ilikuta wagonjwa wengi wamekwisha kulazwa.

Lakini si kila mara mdogo alimla mkubwa. Huko Savannah, Oglethorpe Mall ilifunguliwa 1969. Savannah Mall ikaja 1990, kubwa na ya kupendeza, yenye hata bembea za farasi za kuzunguka ndani yake. Iliyofungwa mwaka 2022 ni ile changa. Bibi yake bado anauza.

Mzee wa Vienna

Mtu anayehesabiwa kuwa baba wa majumba haya, Victor Gruen, hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Alikuwa mbunifu wa majengo, Myahudi wa Vienna aliyezaliwa 1903, akawakimbia Wanazi mwaka 1938 na kufika New York mikono mitupu. Mwaka 1956 jumba lake la Southdale lilifunguliwa Edina, kando ya jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota. Halikuwa na mfano: limefunikwa lote, joto lake linadhibitiwa mwaka mzima, maduka yote yanatazama ndani, na katikati pana ua wenye miti na tundu refu la ndege. Minnesota iko kaskazini kabisa, kwa hiyo paa lile lilikuwa la kukinga theluji. Kusini walilichukua wazo hilohilo kwa sababu ya jua.

Kinachosahaulika ni kwamba Gruen hakuwa na hamu sana ya maduka. Alikereka kuona Wamarekani wanaishi ndani ya magari, akataka kuwajengea kitovu cha mji kama kile alichokulia: pahali pa kutembea kwa miguu, pa kukaa na kahawa, pa kukutana na jirani. Mpango wake wa Southdale ulikuwa na nyumba za kuishi, shule, kituo cha afya, bustani na ziwa. Wawekezaji wakatia sahihi sehemu ya maduka na kuacha yaliyobaki kwenye karatasi. Majumba yaliyofuata hayakubakiza hata karatasi hiyo. Mzee alirudi Vienna, na mwaka 1978, akiwa London, aliyakana hadharani majumba hayo, watoto aliobebeshwa. Alifariki 1980.

Mwaka huohuo wa 1978, mbali na mapacha wa Augusta, zilifunguliwa pia Metrocenter ya Jackson, Mississippi, na Hickory Hollow ya Nashville, Tennessee. Zote mbili zimekwisha kufungwa. Mtu mwenye imani za kishirikina angesema ni laana ya mzee.

Sheria ya kodi iliyopanda maduka mashambani

Watu wa Kusini hawakuamka siku moja na hamu ya kununua mara tatu ya waliyonunua jana. Mwanahistoria Thomas Hanchett, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Charlotte, North Carolina, alichapisha mwaka 1996 utafiti ulioelekeza kidole kwenye kitu kikavu kuliko vyote: kifungu cha sheria ya kodi ya mwaka 1954.

Kabla ya hapo mwenye jengo la biashara aliruhusiwa kuhesabu uchakavu wake kwa kiwango kilekile kila mwaka, tuseme kwa miaka 40. Sheria mpya ikamruhusu kuhesabu sehemu kubwa ya uchakavu huo katika miaka ya mwanzo. Matokeo yake jumba jipya la maduka liliweza kuingiza fedha taslimu kila mwezi na papo hapo kuonyesha hasara vitabuni, na hasara hiyo ya vitabuni ikampunguzia mwekezaji kodi ya mapato yake mengine. Ghafla watu wasiojua tofauti ya kanga na kitenge wakawa na sababu ya kumiliki maduka. Faida ilikuwa nono zaidi kwa jengo jipya kuliko kwa kukarabati la zamani, hivyo fedha zikaikimbia mitaa ya kale kama Broad Street. Na miaka ile minono ilipokwisha, busara ya mhasibu ilikuwa kuuza na kwenda kujenga jingine mbele kidogo. Iwapo mji unahitaji jingine halikuwa swali la mhasibu. Mlango huu ulibanwa na mageuzi ya kodi ya mwaka 1986, wakati mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha kumwagiwa lami.

Ongeza hapo sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, ambayo kwayo serikali ya Washington ilibeba asilimia 90 ya gharama. Palipokutana barabara ya kuzunguka mji na barabara ya kutoka mjini, hapo ndipo jumba liliposimama. Barabara iliposogezwa mbele, jumba jipya likaifuata.

Barafu ya Julai

Kusini mwa Marekani kiangazi ni joto la mvuke, la kulowesha shati kabla ya saa tatu asubuhi. Msomaji wa Mombasa hahitaji maelezo. Mwaka 1984 mwanahistoria Raymond Arsenault aliandika insha mashuhuri akidai kwamba kiyoyozi kiliibadilisha Kusini, na kuua desturi kama ile ya kukaa barazani jioni. Nadhani alikuwa sahihi, na jumba la maduka lilikuwa baraza la badala. Charlottetown Mall ya Charlotte, iliyojengwa na James Rouse, ilifunguliwa 1959. Eastwood Mall ya Birmingham, Alabama, ikafuata 1960, na Westgate ya Macon, ya kwanza kufunikwa katika Georgia, ikaja 1961. Familia zilikwenda kupoa hata bila nia ya kununua. Wazee walikuwa wakitembea humo alfajiri kwa afya zao kabla maduka hayajafunguliwa.

Kisha wenye majumba wakavuka mpaka. Je, wajua kwamba Eastland Mall ya Charlotte, iliyofunguliwa 1975, na Mall of Memphis, iliyofunguliwa 1981, zote zilikuwa na viwanja vya kuteleza kwenye barafu? Nje ni Julai na lami inalainika. Ndani watoto wamevaa sweta na viatu vya chuma, wanaanguka na kucheka. Watu wengi wa umri wa kati katika miji hiyo walijifunza kuteleza humo. Mall of Memphis ilifungwa mkesha wa Krismasi mwaka 2003, baada ya miaka 22 tu, na mwaka uliofuata ikabomolewa. Eastland ilifungwa 2010. Jiji la Charlotte likainunua na kuibomoa mwaka 2013, na kwa miaka kadhaa pakabaki uwanja mtupu ambao vijana wa mbao za magurudumu waliufanya wao.

Jackson, jumba baada ya jumba

Ukitaka kuiona sheria ya jumba kula jumba ikifanya kazi hatua kwa hatua, nenda Jackson, mji mkuu wa Mississippi.

Jackson Mall ilifunguliwa 1970. Ilidumu miaka minane tu kabla ya Metrocenter kufunguliwa upande wa magharibi, yenye zaidi ya futi za mraba milioni 1, jumba kubwa kuliko yote katika jimbo. Jackson Mall ikaanza kupoteza wapangaji. Lakini Metrocenter nayo haikukaa sana kwenye kiti: mwaka 1984 ikafunguliwa Northpark huko Ridgeland, mji jirani wa kaskazini, katika kaunti nyingine na kwa hiyo katika daftari jingine la kodi. Wakazi weupe wenye vipato walikuwa wanahama Jackson kuelekea huko, na maduka yakawafuata, au wao wakayafuata maduka. Wasomi wanabishana nani alitangulia, na jibu huenda likawa kwamba walishikana mikono. Baadaye Ridgeland hiyohiyo ikapata maduka ya wazi ya kifahari yanayoiga mitaa ya mji wa kale, yenye vijia vya kutembea na mabenchi. Yaani wateja walihamishwa kutoka mjini, wakafungiwa ndani ya jumba, kisha wakauziwa mtaa wa kuigiza wenye harufu ya rangi mpya.

Sasa tazama mji wenyewe. Mwaka 1980 Jackson ilikuwa na wakazi wapatao 203,000. Sensa ya 2020 ilikuta kama 154,000. Kila duka kuu lililofungwa liliondoka na sehemu yake ya kodi ya mauzo na ya majengo, na mabomba ya maji ya mji hayakuacha kuzeeka kwa kuhurumia hazina. Metrocenter ilifunga milango yake ya ndani mwaka 2018. Mwaka 2022 dunia nzima ilisoma habari za Jackson kukosa maji ya bomba. Sisemi jumba la maduka lilikausha mabomba. Nasema fedha za kuyatunza zilikuwa zimehamia Ridgeland pamoja na viatu na manukato.

Lakini Jackson hiyohiyo ndiyo iliyotoa jibu ambalo miji mingine imekuja kuliiga. Dakta Aaron Shirley alikuwa bingwa wa magonjwa ya watoto, na Mweusi wa kwanza kufanya mafunzo ya ubingwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Mississippi katika miaka ya 1960. Miaka ya 1990 aliitazama Jackson Mall, gofu lililo jirani na mitaa ya watu maskini, akaona kitu ambacho hospitali nyingi hazina: korido pana, sakafu isiyo na ngazi, maegesho tele na kituo cha basi. Kwa ushirikiano wa hospitali hiyo, Chuo Kikuu cha Jackson State na Chuo cha Tougaloo, gofu likawa Jackson Medical Mall. Palipouzwa magauni pakawa na kliniki za kisukari, saratani na afya ya akina mama. Shirley alifariki 2014, na kliniki zinaendelea. Kwa kipimo cha miaka, jengo hilo limetibu watu kwa muda mrefu kuliko lilivyouza nguo.

Kaunta iliyohama

Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth huko Greensboro, North Carolina, wakaomba kahawa na kunyimwa kwa sababu ya rangi yao. Walikataa kuondoka, na kitendo chao kikasambaa miji yote ya Kusini. Tuangalie mahali: duka lile lilikuwa katikati ya mji, kando ya barabara ya umma. Haki ya kuketi kwenye kaunta ilipopatikana, kaunta zenyewe zikaanza kuhamia kwenye majumba ya maduka, pembeni mwa barabara kuu, ambako asiye na gari alifika kwa shida.

Na ndani ya jumba, je, ungeweza kusimama na bango? Swali hili lilijibiwa kutokana na jumba la Kusini. Wafanyakazi wa ghala la kampuni moja ya viatu waliogoma walibeba mabango mbele ya duka la mwajiri wao ndani ya North DeKalb, kando ya Atlanta. Walitishiwa kukamatwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1976, katika shauri lijulikanalo kama Hudgens, majaji wakaamua kwamba katiba haimpi mtu haki ya kujieleza ndani ya jumba la maduka la mtu binafsi. Lilikuwa limechukua nafasi ya uwanja wa mji, lakini si uwanja wa mji. Kwa maoni yangu hili ndilo tukio zito kuliko yote katika historia hii, ingawa wapiga picha wa magofu hawalipigi picha.

Shida ya asiye na gari wakati mwingine ilipigiwa kura. Kaskazini-mashariki mwa Atlanta, kaunti ya Gwinnett ilikataa kwa kura kujiunga na mfumo wa treni na mabasi wa jiji mwaka 1971, ikakataa tena 1990, ikakataa tena 2019. Gwinnett Place Mall ilifunguliwa humo 1984 na kwa miaka kama kumi na mitano ikatamba. Kisha kaunti hiyohiyo ikapata Mall of Georgia mwaka 1999, na baada yake jingine tena mwaka 2001. Umeshajua kilichotokea. Gwinnett Place ikawa tupu kiasi kwamba waandaaji wa tamthilia ya Stranger Things waliikuta inafaa kabisa: wakajenga upya sehemu yake kwa maduka ya bandia ya mwaka 1985, wakapiga picha za msimu wa tatu, ulioonyeshwa 2019. Mamilioni ya watu waliliona jumba hilo likiwa limejaa, isipokuwa waliolijaza walikuwa waigizaji wa kulipwa. Mwaka 2021 serikali ya kaunti ikalinunua.

Mpangaji asiyelipa

Jumba la maduka lilisimama juu ya maduka makuu mawili, matatu, hata sita, yaliyowekwa kwenye pembe zake. Haya ndiyo yaliyovuta watu. Vijiduka vya kati viliishi kwa miguu ya wanaopita. Kwa kuwa yalijua thamani yake, maduka makuu yalilipa pango dogo mno, au yalimiliki majengo yao na ardhi chini yake. Mwenye jumba aliishi kwa kodi ya pango ya wadogo: viatu, saa, peremende, picha za pasipoti.

Katika mikataba ya wadogo huwekwa kifungu kisichotangazwa dirishani. Duka kuu likifungwa na pengo lake lisizibwe kwa muda fulani, mdogo ana haki ya kulipa pango pungufu au kuondoka. Kwa hiyo duka moja likianguka, mapato yanaanguka kabla hata mteja mmoja hajapungua, na benki yenye rehani inaanza kupiga simu. Wakenya walioishuhudia kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ikifunga matawi kuanzia 2017 wanaifahamu sura hii: mwenye jengo alibaki na ukumbi mtupu mkubwa kuliko mpangaji yeyote aliyepo sokoni.

Kwa Kusini, majina ya pembe hizo yalikuwa Sears na JCPenney, ya taifa zima, na Belk na Dillard's, ya kwao. Sears iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Oktoba 2018, JCPenney Mei 2020. Belk, iliyoanza 1888 katika kijimji cha Monroe, North Carolina, ilinunuliwa mwaka 2015 na kampuni ya uwekezaji kwa takriban dola bilioni 3, kisha ikabebeshwa madeni. Februari 2021 iliingia mahakama ya ufilisi na kutoka siku iliyofuata. Dillard's, yenye makao Little Rock, Arkansas, ina ukaidi wa kuvutia. Humiliki sehemu kubwa ya majengo yake, kwa hiyo hakuna wa kuifukuza, na mara nyingi huwa ya mwisho kuzima taa, ikiuza nguo za bei ya kutupa kupitia mlango wa nje huku jumba zima nyuma yake limefungwa kwa minyororo.

Umiliki huu wa vipande ndio unaoeleza kwa nini magofu hukaa miaka. Huyu ana pembe, yule ana maegesho, wa tatu ana korido, na mkataba wa zamani unadai wote wakubaliane kabla tofali moja halijaondolewa.

Hata wenye majumba hawakupona. CBL, kampuni kubwa ya Chattanooga, Tennessee, iliyomiliki majumba mengi katika miji hasa ya aina hii, iliingia ufilisi Novemba 2020 na kutoka mwaka mmoja baadaye ikiwa nyembamba.

Kuku

Je, wajua kwamba Chick-fil-A, moja ya kampuni kubwa za chakula cha haraka Marekani, ilizaliwa ndani ya jumba la maduka? Truett Cathy alifungua mgahawa wa kwanza wenye jina hilo mwaka 1967 ndani ya Greenbriar, Atlanta, wakati wenye majumba wengi hawakutaka harufu ya mafuta karibu na nguo. Kwa karibu miaka 20 kampuni ilikaa ndani ya majumba ya maduka tu. Mgahawa wa kwanza wenye jengo lake ulifunguliwa 1986. Ule wa Greenbriar ulifungwa 2023.

Walmart upande huu, Amazon upande ule

Huko Birmingham, Eastwood Mall ya 1960 ilipata mpinzani mwaka 1975: Century Plaza, ng'ambo tu ya barabara. Yalitazamana kwa miongo mitatu. Eastwood ilibomolewa 2006 na mahali pake pakajengwa Walmart. Century Plaza ilifungwa 2009, na baadaye ikabomolewa kupisha kituo cha Amazon cha kusambaza vifurushi. Knoxville ilipoteza Knoxville Center mwaka 2020, na Amazon ikaja hapo pia. Baton Rouge, Louisiana, ilikuwa na Cortana Mall, iliyofunguliwa 1976 na kuhesabiwa miongoni mwa majumba makubwa kabisa ya Kusini. Ilifungwa 2019, ikabomolewa, na Amazon ikajenga ghala kubwa la maroboti.

Waandishi wa habari waliipenda sana kejeli hiyo: muuaji kahamia kwa marehemu. Mimi naona sababu iliyo ya kawaida zaidi. Kampuni ya maghala inataka ekari nyingi zilizosawazishwa, umeme mzito, bomba la maji taka, ruhusa ya biashara na barabara kuu mbili karibu. Jumba lililokufa lina vyote hivyo, na bei yake imeshuka. Hata tukimhesabu muuza mtandaoni kuwa mshukiwa, hadi mwaka 2023 alikuwa ameshika kama asilimia 15 tu ya mauzo ya rejareja nchini humo. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 wachambuzi walikadiria kwamba Marekani ilikuwa na takriban futi za mraba 23 za maduka kwa kila mkazi, wakati Kanada, jirani mwenye magari na viunga vilevile, ilikuwa na kama 16. Ziada hiyo ilikuwepo kabla ya simu za kubofya.

Shule, kliniki, kanisa, raketi

Orodha ya Gruen ya shule, kituo cha afya na makazi imeanza kutekelezwa na watu ambao pengine hawajawahi kulisikia jina lake. Nashville, chuo kikuu cha Vanderbilt kilihamishia kliniki zake ghorofani One Hundred Oaks mwaka 2009, maduka yakabaki chini. Mwishoni mwa 2020 kikalinunua jumba zima. Hickory Hollow, ile ya 1978, ilinunuliwa na serikali ya jiji mwaka 2022 kwa dola milioni 44. Austin, Texas, Highland Mall ikawa chuo cha jamii: mwaka 2014, ndani ya lililokuwa duka la JCPenney, ulifunguliwa ukumbi mmoja wenye kompyuta zaidi ya 600. Memphis ilibomoa Raleigh Springs na kuweka maktaba, kituo cha polisi na ziwa. Norfolk, Virginia, ilitumia Military Circle kuchanja watu dhidi ya UVIKO-19 mwaka 2021, kisha ikaifunga mwanzoni mwa 2023.

Lexington, Kentucky, uwanja wa Lexington Mall ulinunuliwa na kanisa la Southland mwaka 2010, na ibada zikaanza hapo 2013. Mji huo una jamii kubwa ya Wakongo waliopokewa kama wakimbizi, na shuleni Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi baada ya Kiingereza na Kihispania. Kwa mtoto aliyefika huko kutoka Bukavu au kambi ya Nyarugusu, pale hapakuwahi kuwa na maduka. Ni kanisa lenye maegesho makubwa kupita kiasi.

Macon ndiyo imefanya jambo la ajabu zaidi. Westgate ya 1961 ililiwa na Macon Mall ya 1975, jirani yake. Macon Mall nayo iliuguzwa na maduka ya wazi yaliyofunguliwa kaskazini mwa mji mwaka 2008, yaliyoondoka na Dillard's. Thamani ilishuka hata mwenye jumba, mwaka 2021, akaikabidhi serikali ya mji na kaunti bure. Wakuu wa kaunti wakajenga ubavuni mwake ukumbi wa muziki wa zaidi ya watu 10,000, uliofunguliwa 2024. Na katika lililokuwa duka la Belk wakaweka viwanja 32 vya pikoboli, ule mchezo wa raketi na mpira wa plastiki wenye matundu unaopendwa na wastaafu. Wenyewe wanajitangaza kuwa kituo kikubwa kuliko vyote duniani cha mchezo huo chini ya paa. Wanaocheza asubuhi wengi ni wa rika lile lililokuwa likizunguka korido hizo kwa ajili ya moyo na magoti, na maegesho wanayajua vizuri: mlango wa upande wa kivuli ndio unaojaa kwanza.